Kutoka Fundi Mitambo hadi Prodyuza

Prodyuza wa Tanzania hubeba peke yake kazi ambazo kwingineko hugawiwa watu watatu au wanne. Hutunga mdundo, hurekodi sauti, huchanganya vyombo, na mara nyingi ndiye humwonyesha mwimbaji kiitikio kiingie wapi. Mwimbaji anayetoka Sepuka, kata ya wakulima wa alizeti, mtama na uwele katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, humfuata mtu huyo mjini Singida, Dodoma au Dar es Salaam, na swali linalotangulia huwa ni programu gani inatumika studio. Swali hilo si baya, ila jibu lake ni fupi kuliko majibu yote: jina moja, basi. Maswali mazito zaidi yamo katika historia ya kazi yenyewe, kwa sababu kila chombo kilichopita mikononi mwa warekodi kiliukata wimbo kwa kipimo chake.

Kipimo cha kwanza kilikuwa santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodiwa kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikawa za kwanza kuvuma katika mwambao wote. Upande mmoja wa santuri ya siku hizo ulibeba dakika tatu hivi. Taarabu, ambayo barazani huendelea kadiri wasikilizaji wanavyotaka, ilibidi ikunjwe ienee humo. Kwa hiyo hata uamuzi wa beti zipi zibaki ulikwisha kuwa, kwa sehemu, uamuzi wa chombo.

Kituo cha redio kilianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kama kila mtu alivyoiita. Kwa zaidi ya miaka 20 chumba chake cha kurekodia kilikuwa ndicho lango kuu la muziki wa dansi nchini. Neno prodyuza halikuwa na nafasi kubwa humo. Aliyekuwapo ni fundi mitambo. Bendi nzima iliingia, ikapiga kwa pamoja, na mkanda ukazunguka. Sauti ya chombo ilipimwa kwa umbali wake kutoka kwenye maikrofoni: mpiga gitaa la solo akisogezwa, wapuliza tarumbeta wakirudishwa nyuma. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Ndiyo maana nyimbo za NUTA Jazz, Vijana Jazz au Mlimani Park zilifika studio zikiwa zimeiva, baada ya kupigwa ukumbini mbele ya wachezaji. Anayezisikiliza leo na kustaajabia jinsi magitaa yanavyopishana bila kugongana anasikia matunda ya mazoezi kuliko ya mitambo.

Mashairi nayo yalikaguliwa kabla ya kurushwa hewani. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, bendi zilizotaka kuuza sahani zilielekea Nairobi, na Mbaraka Mwinshehe ni mmoja wa waliojenga jina huko. Kwa vijiji vingi vya bara ambako umeme wa gridi ulikuwa haujafika, redio ya betri ndiyo iliyoleta yote hayo hadi uani. Kinachoitwa sauti ya zamani katika masikio ya wazee ni, kwa hakika, sauti ya chumba kimoja cha Dar es Salaam.

Kaseti iliuvunja ukiritimba huo kimyakimya. Mashine ya kaseti mbili, moja ikicheza na nyingine ikinakili, ilitosha kumfanya mwenye duka kuwa msambazaji, na kwaya za makanisa ndizo zilizoifaidi mapema. Singida ina mizizi mirefu ya Ulutheri na Ukatoliki, na muziki wa kanisani ulikuwa na watafiti wake. Howard Olson, mmisionari Mlutheri kutoka Marekani aliyefundisha Chuo cha Theolojia Makumira, alichapisha mwaka 1964 uchunguzi wa sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu, kisha akajulikana zaidi kwa kukusanya tenzi zenye tuni za Kiafrika. Kitabu chake cha tenzi hizo kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1977. Si ajabu kwamba mtu mmoja alishughulika na mambo yote mawili. Wanyaturu ndio wenyeji wa Sepuka na sehemu kubwa ya Ikungi, na kwao lugha na tuni haziachani kwa urahisi, jambo litakalorudi hapa chini.

Kompyuta ilikuja na mabadiliko ya namna nyingine. Mwaka 1983 viwanda vya vinanda vilikubaliana lugha moja ya mawasiliano kati ya vyombo vya umeme, iitwayo MIDI. Mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa Cubase kwa kompyuta za Atari, na mwaka 1996 ikaweka njia ya kuingiza mitambo ya studio ndani ya kompyuta yenyewe. Mwaka uliofuata Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio, ingawa mitaani Dar es Salaam jina la Fruity halijafa. Tarehe hizi zinaangukia miaka ileile ambayo Tanzania ilikuwa ikifungua milango ya biashara na, kuanzia 1993, ya redio binafsi. Redio zikahitaji nyimbo nyingi, na chumba kimoja cha RTD kisingetosha.

Mwanzo ulikuwa wa kuazima. Saleh Jabir alipotoa kaseti yake ya rapu ya Kiswahili mwaka 1991, alighani juu ya midundo ya Kimarekani, ukiwamo wa Vanilla Ice. Aliyemaliza kuazima huko ni prodyuza. Mawingu Studio, alikofanya kazi Bonny Luv, Soundcrafters, studio ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani zilianza kutengeneza midundo ya hapahapa, na hapo ndipo mtu wa mitambo alipogeuka kuwa mtunzi. Albamu ya Profesa Jay, Machozi Jasho na Damu, ya mwaka 2001, ni mfano mzuri: msikilizaji wa wakati ule aliweza kumtaja aliyeghani na pia aliyegonga biti. Fundi wa RTD hakuwahi kupata heshima hiyo, na ni dhuluma kidogo, maana masikio yake ndiyo yaliyoamua sauti ya kizazi kizima.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la mpangilio wa kazi. Zamani wimbo ulitangulia na studio ikafuata. Sasa biti hutangulia: mwimbaji husikilizishwa midundo kadhaa iliyokwisha tengenezwa, huchagua mmoja, kisha hutafuta maneno ya kuujaza. Hivyo swali la kwanza lenye manufaa kwa prodyuza ni wimbo unaanzia wapi. Je, anaweza kumsikiliza mwimbaji akiimba mikono mitupu, apige makofi tu, halafu ajenge mdundo kuzunguka pumzi yake? Wapo wanaoweza na wanaopenda. Wengine hawajawahi kuombwa.

Swali la pili linahusu kile ambacho programu huamua kabla mtu hajagusa chochote. FL Studio inapofunguliwa huonyesha safu za visanduku 16 vya kupangia ngoma, vilivyogawanyika nne nne. Mpigo wa aina hiyo unafaa rapu na vitu vingi vya dansi. Lakini ngoma nyingi za Afrika Mashariki hutembea kwa mapigo 12, ambapo mkono mmoja huhesabu tatu na mwingine huhesabu mbili, na makofi ya watazamaji huangukia mahali pa tatu. Visanduku vinaweza kubadilishwa. Ni suala la dakika moja. Asiyejua kwamba vinabadilishwa hunyoosha ngoma ikae katika 16, na mzee aliyeikulia ngoma hiyo husema haichezeki bila kuweza kueleza kwa nini. Programu haimzuii mtu. Inamrahisishia njia moja tu, na wengi hupita penye urahisi.

Kwamba chombo rahisi si lazima kitoe muziki wa kuiga, mchiriku na singeli zimethibitisha. Mchiriku wa uswahilini ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingine vilihesabiwa kuwa vya kuchezea watoto, vikipitishwa kwenye spika hadi sauti ikakwaruza. Singeli ilirithi mkwaruzo huo, ikachukua vipande vya taarabu na mchiriku, ikaviharakisha hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, wakati mwingine karibu 300. Studio ya Sisso huko Mburahati, Dar es Salaam, ilitumia kompyuta za kawaida na programu ambazo kijana yeyote angeweza kuzipata, na mkusanyiko wa kazi zake uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala uliwafikisha maprodyuza wake kwenye majukwaa ya Ulaya. Hakuna swali la programu ambalo lingeueleza muziki huo. Swali lililofaa ni kwa nini kasi ile, na jibu lake liko kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani za kukesha, kuliko kwenye kompyuta.

Kwa mwimbaji wa Sepuka lipo swali jingine, zito kuliko yote, na ni la sauti ya mtu. Mwaka 1997 Andy Hildebrand, mhandisi aliyewahi kuchambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, alitoa programu ya Auto-Tune, ambayo hukamata sauti ya mwimbaji na kuisogeza hadi kwenye noti iliyo karibu. Leo zana za aina hiyo ni za kila studio. Kwa Kiswahili hazina madhara makubwa, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kinyaturu hutofautisha. Ni lugha ya toni, na tena ina tabia iliyowavutia wanaisimu: toni ya juu ya silabi moja husikika kwenye silabi inayofuata. Prodyuza asiyeijua lugha akiona sauti imepanda mahali asipotarajia, anaweza kuiona kuwa kosa na kuishusha. Kwenye skrini mstari umenyooka vizuri. Msikilizaji nyumbani, hata hivyo, anasikia neno lililopinda.

Tatizo hilo si geni kabisa kwa waliotunga tenzi kwa lugha za toni. Tuni ya kigeni ikilazimishwa juu ya maneno, maneno huumia. Tofauti ni kwamba mtunzi wa tenzi alijua anachofanya, ilhali programu hufanya kimyakimya. Ni vyema basi iulizwe mapema kama sauti itanyooshwa, kwa kiasi gani, na kama mwimbaji atakaa pembeni wakati kazi hiyo ikifanyika.

Halafu kuna nyimbo zisizopaswa kufika studio. Baadhi ya nyimbo za jando na unyago, si Singida tu, zina wenyewe na zina mahali pake, na prodyuza anayetafuta kipande cha asili cha kukata na kurudiarudia hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Hapa anayepaswa kuuliza ni prodyuza. Mashairi na tuni zilizotungwa na mtu anayejulikana zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki. Lakini sheria hiyo haimwambii kijana wa mjini ni wimbo upi wa bibi wa mwenzake usirekodiwe.

Mwisho ni faili. Mkanda wa RTD ulikuwa kitu cha kushikika. Mikanda hiyo imerithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa, na ukiwa na mashine ya kuizungusha bado inaimba. Wimbo wa sasa ni faili ya projekti ndani ya kompyuta ya prodyuza, yenye kila chombo na kila sauti mahali pake, na faili hiyo hufunguka tu pale programu ileile na vyombo vyake vilevile vipo. Mwimbaji kwa kawaida huondoka na nakala iliyokwisha changanywa, ambayo haiwezi tena kutenganishwa vizuri. Kompyuta ikiharibika au ikiuzwa, kilichobaki cha wimbo ni hiyo nakala moja kwenye simu. Aliyesafiri kutoka Sepuka kwenda kurekodi aombe sauti zake zikiwa zimetengwa, kila moja kwa faili yake, kabla hajapanda basi la kurudi.