Vitamini, Sonona na Suala la Upungufu: Hoja Kutoka Kyela

Sonona hufika dukani kwa jina la uchovu. Mkulima wa mpunga wa Ipinda au mvuvi wa Matema, wilayani Kyela, aliyepoteza usingizi, hamu ya kula na hamu ya kukaa na watu hasemi kwamba anaumwa akili. Husema mwili hauna nguvu, na kwa malalamiko hayo ni rahisi aondoke na vidonge vya vitamini. Huduma za kibingwa za afya ya akili ziko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kwa kuipanda milima ya Rungwe. Vidonge viko rafuni, havidai cheti, wala havimwachii mnunuzi aibu. Hata hivyo, vitamini ni tiba ya upungufu. Pasipo upungufu uliopimwa, au unaotarajiwa kwa sababu za msingi, hazistahili kutolewa kama dawa ya sonona, maana hapo faida yake hufifia na maudhi yake hubaki.

Ushahidi mzito zaidi kwa Mtanzania umetoka Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1995 watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Wafaie Fawzi, waliwafuatilia wajawazito 1,078 wenye VVU, wakati ARV zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 22 wa kuonyesha dalili nzito za sonona. Vitamini A haikuleta nafuu hiyo. Mwenye kuuza vidonge angeweza kuishia hapo. Lakini wanawake wale walikuwa wajawazito, tena wagonjwa, na maambukizi yalikuwa yakila akiba ya virutubisho mwilini mwao. Hali ilipobadilika, jibu nalo lilibadilika. Watu wazima 3,418 walioanza ARV jijini humo kati ya 2006 na 2008 waligawanywa, wengine wakapewa vitamini kwa dozi kubwa na wengine kwa dozi ya kawaida. Jaribio lilisitishwa Machi 2009 kwa sababu dozi kubwa ilipandisha kimeng'enya cha ini kinachoashiria madhara, bila kupunguza vifo wala kasi ya ugonjwa. Jaribio hili la pili halikulenga sonona. Linachothibitisha ni kwamba vitamini zilezile, zikizidishwa, huweza kulielemea ini la mtu ambaye tayari yuko kwenye dawa nzito.

Kwamba upungufu huivuruga akili, hakuna ubishi. Katika nchi jirani ya Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji walipata pelagra mwaka 1990 baada ya karanga kukosekana katika posho yao ya mahindi. Ugonjwa huo wa kukosa niasini huchubua ngozi, huharisha, kisha huleta huzuni na kuchanganyikiwa. Upungufu wa folati na B12 nao huandamana na sonona. Kwa watu wasio na upungufu wa wazi, habari ni nyingine: nchini Marekani watu 18,353 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, nusu yao wakimeza uniti 2,000 za vitamini D kila siku, na sonona haikupungua. Kyela iko kati ya hali hizo mbili. Samaki aina ya usipa huleta B12. Maharage, karanga na mboga za majani huleta folati. Mchele uliokobolewa ukawa mweupe kabisa umepoteza sehemu kubwa ya thiamini. Mzee asiyekula vizuri, mlevi wa muda mrefu, mama mjamzito, mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka: hao ndio wa kuulizwa na kupimwa kwanza.

Itasemwa kwamba vitamini, hata zisipoponya, hazidhuru. Kwa Kyela dai hilo ni la hatari. Vitamini B6 ikizidi huharibu mishipa ya fahamu: ganzi, miguu kuwaka moto, kuyumba. Anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa B6 kidogo ili kuikinga mishipa hiyohiyo. Akijiongezea chupa mbili za dukani, ganzi ikija atadhani dawa ya kifua kikuu ndiyo inayomdhuru, na huenda akaiacha. Asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku hupunguza nguvu ya dawa ya SP wanayopewa wajawazito kujikinga na malaria, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri miligramu 0.4. Katika bonde la joto la Kyela, tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Foliki huweza pia kurekebisha damu ya mwenye upungufu wa B12 huku mishipa yake ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dawa za sonona zenyewe zina maudhi. Ni kweli. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi. Fluoksetini huleta kichefuchefu wiki za mwanzo. Lakini maudhi hayo yanajulikana na yana namna ya kukabiliwa: amitriptilini humezwa usiku, maji na mboga huongezwa, dozi hupandishwa polepole, na dawa haikatishwi ghafla bila mhudumu kujua. Vitamini hazina kazi katika kuyaondoa.

Wala uhaba wa madaktari bingwa hautulazimishi kurudi kwenye vidonge. Nchini Zimbabwe, katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, wanawake wa kawaida waliofundishwa kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo walipunguza dalili za sonona kwa kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya kliniki za Harare. Jambo hilo si geni kwa Wanyakyusa wa Kyela: mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwao miaka ya 1930, aliandika jinsi hasira iliyofichwa moyoni ilivyoaminika kuleta maradhi, na jinsi kuitamka mbele ya ndugu kulivyohesabiwa kuwa sehemu ya uponyaji. Kliniki ya mama na mtoto, ambako vidonge vya madini ya chuma na foliki tayari hutolewa kwa kipimo kinachojulikana, ndipo pa kuanzia: muuguzi amuulize mama usingizi wake na huzuni yake, kisha amwombe atoe mkobani kila chupa anayoitumia.