Kauli ya Kirua Vunjo

Kirua Vunjo imelala kwenye mteremko wa Kilimanjaro, baina ya Old Moshi na Kilema, nchi ya migomba na kahawa. Zamani ilikuwa na Mangi wake. Baadaye ikawa kata tatu, Magharibi, Mashariki na Kusini, ndani ya jimbo la Vunjo. Atakaye kujua kiti cha mbunge ni mali ya nani, na alitazame jimbo hilo.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, wajumbe wake wote wakiteuliwa na Gavana. Mwafrika hakuwamo hata mmoja hadi 1945, walipoingizwa machifu wawili: Kidaha Makwaia wa Usukuma na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Mlima ukapata mdomo, lakini aliyeuchagua ni Gavana; tena Machame si Kirua. Hata uchaguzi wa kwanza, wa 1958 na 1959, ulimlazimisha mpiga kura kumpa kura Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wachagga hawakungoja kufundishwa: mwaka 1960 walipiga kura, wakauacha Umangi Mkuu wa Thomas Marealle na kutaka rais wa kuchaguliwa.

Ukaja mfumo wa chama kimoja, ambamo tangu 1965 wagombea wawili wa chama kile kile walishindana kwa alama za jembe na nyumba. Vyama vingi viliporudi, Vunjo ilionyesha tabia yake. Mwaka 1995 ilimchagua James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. 2000, Jesse Makundi wa TLP. 2005, Aloyce Kimaro wa CCM. 2010, Augustine Mrema wa TLP. 2015, Mbatia tena. 2020, Charles Kimei wa CCM. Chaguzi sita, na hakuna chama kilichokaa vipindi viwili mfululizo. Wako waliouita huo ukigeugeu. Yafaa zaidi kuuita ukaguzi.

Ila Katiba ina neno lake. Kwa ibara ya 71, mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kiti kinamtoka, hata kama waliompigia kura bado wanamtaka. Mrema, mzaliwa wa Kiraracha humo humo Vunjo, alipoihama CCM mwaka 1995 hakuweza kuondoka na kiti chake cha Moshi Vijijini. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mahakamani haki ya mgombea asiye na chama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ikampa ushindi. Chaguzi za 2015 na 2020 zikafanyika bila mgombea wa namna hiyo.

Muswada husomwa mara tatu, hupita kwenye kamati, kisha Spika husikiliza sauti: ndiyo, au siyo. Washairi hawatashangaa kwamba sheria hupimwa kwa sikio. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimteua Mbatia kuwa mbunge, katika zile nafasi kumi ambazo Katiba imempa Rais. Basi hadi 2015 wana wawili wa Vunjo walikaa Dodoma, Mrema kwa kura za jimbo, Mbatia kwa uteuzi, kama Shangali wa 1945. Spika alipoita sauti, ndiyo ya mmoja haikuwa nzito kuliko ya mwenzake. Mwaka 2015 wote wawili wakapanda mlima kuomba kura.