Farumi ya Mwanhuzi

Stendi ya Mwanhuzi, wilayani Meatu, iko mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini isikilize asubuhi. Abiria wanahimizwa kupanda, dereva kashika usukani, vijana wanabishana kuhusu nahodha wa timu yao, na mzee mmoja anauliza msimu wa pamba utafunguliwa lini. Abiria, usukani, nahodha, msimu: maneno manne, na yote yamewahi kulowa maji ya chumvi.

Nilianza kuyahesabu baada ya kijana wetu mmoja, anayefanya kazi kwenye boti ya watalii Unguja, kuniomba nimsaidie kuandika kwa Kiswahili namna ya kuchagua boti ya matanga ya kuvukia bahari kuu. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Nikagundua kwamba maneno yaliyopanda bara ni ya watu na safari zao. Ya mbao tuliyaacha pwani. Mkuku, uti wa chini unaobeba chombo kizima. Mataruma, mbavu zake. Ngama, mahali maji yanapojikusanya chini kabisa. Kwetu Meatu kila kinachoelea ni boti, basi.

Pwani jina la chombo tayari ni nusu ya ushauri. Ngalawa, pamoja na mirengu yake ya pembeni, haiendi kutafuta makuu mbali na miamba. Jahazi ndilo lililokwenda Arabuni na kurudi, lakini lilichagua wakati: kaskazi lilileta vyombo huku, kusi likavirudisha. Ndiyo maana neno msimu lilikuwa la mabaharia kabla halijawa la wakulima. Anayetaka kuizunguka dunia hana anasa hiyo. Kuna siku upepo utatoka omo, mbele ya chombo, naye atapiga bisho, huku na huku, mpaka achoke.

Mfano ninaoupenda ni boti ya Robin Knox-Johnston, Mwingereza aliyeondoka Falmouth Juni 1968 na kurudi Aprili 1969, siku 312 peke yake kuizunguka dunia bila kutia nanga bandarini. Yalikuwa mashindano, na walioingia ni tisa. Aliyemaliza ni yeye tu. Boti yake ilijengwa India kwa msaji, fupi, nzito, na mwendo wake haukumtisha mtu. Iliitwa Suhaili. Sisi tunasema suheli, kusini.

Ajabu ni kwamba chombo cha matanga kimewahi kupita huku kwetu Usukuma, tena kwa miguu. Mpelelezi Stanley alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na Lady Alice, boti ya mierezi ya futi 40 iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe na wapagazi. Februari 1875 ilifika Kagehyi, kusini mwa Ziwa Victoria, ikaungwa na kuelea. Kina chake kilikuwa inchi 30. Kwa kuambaa ziwa ilitosha. Bahari kuu ingeimeza. Mbao zilipita mabegani mwa watu, majina yake hayakubaki.

Tukirudi kwenye andiko la kijana, neno lililonikwamisha kwa siku mbili ni farumi. Kwa mabaharia wetu farumi ni mawe au mchanga unaowekwa katika chombo kisicho na shehena, kisije kikayumba na kupinduka. Shehena ikipatikana, farumi hutupwa. Lakini boti ya kuvuka bahari haibebi shehena. Farumi yake ni risasi au chuma kilichokazwa kwenye mkuku, haitolewi, na ndiyo inayoiinua boti iliyolazwa na wimbi. Je, hiyo bado ni farumi? Kijana alitaka “uzito wa mkuku”. Nilikataa. Uzito ni kipimo. Farumi ni kazi. Tukaandika “farumi ya kudumu”, na sijajuta.

Wiki hiyo mvua ilikuwa imeharibu barabara. Sokoni nilikuta pikapu tupu ina viroba vinne vya mchanga nyuma.

“Mchanga unaupeleka wapi?” nikamuuliza dereva.

“Siupeleki popote, mzee. Naweka uzito tu, gari lisirukeruke. Nikipata mzigo, mchanga nautupa.”

Nikamwambia una jina: farumi. Akalirudia mara mbili, akacheka, kisha akamfokea utingo aliyekuwa ameketi juu ya viroba: “We, shuka kwenye farumi!”