UTEPE MWEUPE: Muvi ya Kijerumani Iliyoonyesha Jinsi Ukatili Unavyofundishwa Nyumbani

Daktari wa kijiji anarudi kwake juu ya farasi, njia yake ya kila siku. Kumbe kuna mtu kafunga waya mwembamba kati ya miti miwili. Farasi anajikwaa, daktari anaruka hewani na kutua vibaya, safari ya hospitali inaanzia hapo. Nani kafunga waya? Kijiji kizima kimya.

Hivyo ndivyo inavyoanza Das weiße Band, yaani Utepe Mweupe, muvi ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Michael Haneke wa Austria. Ndiyo iliyobeba Palme d'Or, tuzo kubwa kuliko zote pale Cannes, mwaka huohuo. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho, na haina ule muziki wa kukuandaa kwamba sasa kinakuja kitu cha kutisha. Kinakuja tu.

Stori iko Eichwald, kijiji cha kubuni kaskazini mwa Ujerumani, kuanzia mwaka 1913 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vinapoanza mwaka 1914. Cheki kitu kimoja: wakubwa karibu wote hawana majina. Yupo Baroni mwenye ardhi, ambaye nusu ya kijiji inakula kwa kumfanyia kazi. Yupo Mchungaji, Daktari, Mkunga, Msimamizi wa shamba na Mwalimu. Wanaitwa kwa vyeo vyao basi. Watoto ndio wenye majina: Klara, Martin, Sigi, Karli.

Baada ya ajali ya daktari, mambo yanafuatana. Mama mmoja mfanyakazi anakufa baada ya sakafu mbovu kuvunjika kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Kijana wake, kwa hasira, anafyeka kabeji zote za Baroni. Halafu Sigi, mtoto wa Baroni, anakutwa amefungwa na kuchapwa vibaya. Ghala linawaka moto usiku. Mwisho anateswa Karli, mtoto wa Mkunga mwenye ulemavu wa akili, hadi macho yake yanaumizwa. Kando yake kuna karatasi yenye maneno ya Biblia, yale ya watoto kuadhibiwa kwa makosa ya baba zao.

Sasa ingia nyumbani kwa Mchungaji. Watoto wake wamechelewa kurudi jioni. Wote wananyimwa chakula, wanalala njaa, na wawili wakubwa, Klara na Martin, wanaambiwa kesho yake watachapwa. Juu ya hayo, watavaa utepe mweupe, alama ya usafi na kutokuwa na hatia, mpaka baba yao aamini wamenyooka. Baadaye Martin anafungwa mikono kitandani usiku ili asijiguse. Na Mchungaji anaongea kwa upole kabisa. Anawaambia kuwapiga kunamuuma yeye zaidi.

Siku ya fimbo, kamera inabaki kwenye korido. Martin anaingia chumbani, anatoka, anakwenda kuchukua fimbo mwenyewe, anarudi nayo, mlango unafungwa. Unachobaki nacho ni mlango na sauti. Watu wengi waliotazama muvi hii wanaikumbuka sehemu hiyo kuliko damu yoyote waliyowahi kuona kwenye skrini.

Haya mambo hayakutungwa hewani. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa dola la Kaiser Wilhelm II, na utii ulikuwa kitu cha kwanza: mtoto kwa baba, mke kwa mume, mfanyakazi kwa mwenye shamba, askari kwa ofisa. Fimbo ilikuwa halali nyumbani na shuleni. Ni miaka ileile ambayo Mjerumani alikuwa akitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907 tu, na kiboko kilikuwa adhabu ya kawaida kwa Mwafrika. Ndiyo maana wazee wa Tanganyika walibaki na msemo wa "hamsa ishirini", yaani viboko 25. Ofisa aliyekuja kuagiza viboko hivyo alikuwa amekulia kwenye nchi ya namna hii.

Piga hesabu kidogo. Dogo wa miaka 10 mwaka 1913, mwaka 1933 ana miaka 30. Huo ndio mwaka Hitler aliposhika madaraka. Muvi yenyewe haimtaji Hitler hata mara moja, wala haisemi kila mtoto aliyechapwa lazima awe muuaji. Ila inakuachia hao watoto wa Eichwald, wenye nyuso safi na adabu nyingi, wanaotokea kila palipo na balaa wakiuliza kama kuna msaada unahitajika. Wamefundishwa kwamba mkosaji lazima aumizwe, na kwamba anayeumiza ndiye mwema. Nani kawafundisha? Waliowafunga utepe.

Mwalimu ndiye pekee anayethubutu kuunganisha nukta. Anamfuata Mchungaji na kumwambia anawashuku watoto, wakiwemo wa Mchungaji mwenyewe. Jibu analopata ni vitisho: akirudia maneno hayo, ataharibiwa maisha. Haneke naye hakuonyeshi nani hasa kafanya nini. Ukitaka muvi ya kumkamata mhalifu dakika ya mwisho, hii siyo. Habari zinafika kwamba mrithi wa taji la Austria ameuawa Sarajevo, vita vinanukia, na kijiji kizima kinakaa kanisani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ilichukua muda mrefu sana mlango ule kufunguliwa. Sheria ya Ujerumani inayompa kila mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa ilipitishwa mwaka 2000, miaka 86 baada ya stori ya Eichwald kuisha.

Kuna kadogo kamoja kwenye muvi hii, Gustav, mtoto mdogo wa Mchungaji. Alimuokota ndege aliyeumia akamtunza hadi akapona. Klara alipomuua ndege wa baba yao kwa mkasi, Gustav alimpelekea baba ndege wake mwenyewe ili asiwe na huzuni. Mchungaji aliguswa. Nyumba moja, baba mmoja. Kati ya Klara na Gustav, ni yupi angebaki vilevile baada ya miaka kumi ya fimbo?