Televisheni ya Chogo na Historia Iliyomo Ndani Yake

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kutuona tukijadili ngeli, tenzi na istilahi. Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie televisheni ya rangi ya miaka ya 1970, kwa sababu idara yetu inayo moja, na uamuzi wa kuitupa au kuihifadhi umetuangukia sisi walimu wa lugha. Ipo katika stoo ya chini, ina kioo cha inchi 26 na sanduku la mbao ambalo watu wawili hulinyanyua kwa taabu. Stoo hiyo inatakiwa iwe wazi kabla ya muhula ujao. Wapo wenzetu waliopendekeza iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Makala haya yanaeleza kwa nini tulikataa, na pia kwa nini hatukuichomeka kwenye umeme siku ile ile kama wanafunzi walivyotaka.

Televisheni ya Uganda (UTV) ilianza mwaka 1963, ikionyesha picha nyeusi na nyeupe. Agosti 1973 serikali ya Idi Amin ilitoa amri iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Miaka miwili baadaye, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala mwaka 1975, UTV ikaingia katika rangi. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yalikuwa na sababu moja, lakini yote yalitoka kwa utawala mmoja uliopenda sana kuonekana na kusikika nje ya mipaka yake. Amri ya lugha haikufuatwa na walimu wala vitabu vya kutosha. Rangi nazo ziliwafikia wachache, kwani seti ilikuwa ghali na maduka mengi ya Kampala yalikuwa yamebadilisha mikono baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972.

Jirani zetu walikuwa na safari zao. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1974, na moja kwa moja kwa rangi, wakati Rais akiwa Aboud Jumbe. Kituo hicho hutajwa kuwa cha kwanza cha rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza matangazo rasmi ya televisheni mwaka 1976. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, maana Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi yenye mahitaji mengi. Kwa hiyo miaka 20 ilipita huku raia wa nchi moja, waliotenganishwa na mkono wa bahari tu, wakiwa katika zama mbili tofauti za habari.

Seti yenyewe inayasema haya, mradi mtu ajue kuisoma. Nyuma yake, penye lile chogo (neno zuri ambalo mitaa imeipa televisheni ya namna hii, nasi tunaliona bora kuliko istilahi nyingi za vikao), kuna kibandiko kinachotaja mfumo wa PAL. Mfumo huu ulibuniwa na mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani, aliyeuonyesha hadharani Januari 1963. Kabla yake Wamarekani walikuwa na NTSC, mfumo ulioidhinishwa Desemba 1953, ambao rangi zake zilielekea kupotoka njiani, uso wa mtangazaji ukawa wa kijani au wa zambarau. Bruch aliugeuza mpangilio wa rangi katika kila mstari wa pili wa picha, ili kosa la mstari mmoja lifutwe na kosa la mstari unaofuata. Ujerumani Magharibi ilizindua rangi tarehe 25 Agosti 1967 mjini Berlin. Willy Brandt alipewa kitufe cha kubonyeza mbele ya kamera, na rangi zikatokea kabla hajakibonyeza sawasawa, maana kitufe kilikuwa cha maonyesho tu na fundi halisi alikuwa chumba kingine.

Mifumo hii ilikuwa na tofauti ndani yake kama zilivyo lahaja. Uganda na Kenya zilitumia PAL ya aina ya B, ambayo sauti yake huwekwa megahezi 5.5 kutoka kwenye picha. Zanzibar ilichukua aina ya I, kama Uingereza, yenye sauti kwenye megahezi 6. Seti ya Unguja ikiletwa Kampala ingeweza kuonyesha picha huku spika ikitoa mchakato tu. Kongo ilifuata SECAM ya Wafaransa, hivyo kwa mtu wa mpakani mwenye seti ya PAL, rangi za Kinshasa zilikuwa nyeusi na nyeupe. Atakayeng'oa kibandiko kile ili kulisafisha sanduku atakuwa ameondoa ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya ukarabati ikifanana na kazi yetu ya kuhariri miswada. Mhariri wa utenzi wa kale akibadilisha neno asilolielewa bila kuacha alama, anayemfuata hatajua tena mtunzi alisema nini. Vivyo hivyo, wapo wanaotoa kila kitu ndani ya sanduku la zamani na kupachika kioo bapa cha siku hizi. Kinachobaki ni kabati la mbao lenye televisheni ya jana. Tuliyempa kazi yetu, fundi mzee aliyetengeneza seti za aina hii tangu ujana wake, ana desturi ya kuandika kila kifaa anachokitoa, kukitia kwenye bahasha na kuirudisha bahasha ndani ya sanduku. Hakusomea uhakiki wa miswada, lakini wanafunzi wetu wa shahada ya uzamili wangejifunza mengi kwake.

Siku ya kwanza alipofika alisema, "Walimu wangu, leo siichomeki." Sababu ni kapasita. Seti iliyolala miaka mingi, kapasita zake kubwa hukauka au huanza kuvujisha umeme. Ukizipa ghafla volti 240 zinaweza kupasuka, kuunguza transfoma na hata kuwasha moto ndani ya mbao kavu iliyojaa vumbi. Zinazojulikana kuwa na kasoro hubadilishwa kwanza. Kisha umeme huingizwa kidogo kidogo kwa transfoma ya kupandisha volti polepole, au kwa kupitia balbu iliyounganishwa kwa mfululizo: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, pana hitilafu, na seti inasalimika.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye tyubu ya picha. Tyubu ya rangi hudai takriban volti 25,000, na kioo chake kinaweza kuuhifadhi umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi huuondoa kwa waya uliofungwa kwenye ardhi ya tyubu na bisibisi yenye mpini mzuri, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kazi hiyo haifai kujifunzwa kwa kusoma jarida letu. Aidha, seti nyingi za Ulaya za miaka hiyo ziliunganisha fremu ya chuma ya ndani moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo kuigusa fremu ni sawa na kuugusa waya. Fundi wetu huweka transfoma ya kutenganisha kabla ya kupima chochote.

Kuna pia suala la miale ya eksirei. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya seti zake za rangi zilitoa miale kupita kiasi, na mwaka 1968 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kudhibiti miale ya vifaa vya umeme. Tangu hapo kioo kilizidishiwa madini ya kuzuia miale, yakiwemo risasi. Funzo kwa mkarabati ni kwamba volti ya tyubu haipandishwi kupita kiwango cha kiwandani ili tu picha ing'ae, na vifuniko vya chuma vya ndani hurudishwa vyote. Risasi hiyo hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoipeleka seti kwa mnunuzi wa vyuma, ambaye ataipasua kwa nyundo uani penye watoto.

Kuhusu kupasuka, tufanye hesabu. Ndani ya tyubu hamna hewa, na hewa ya nje hukikandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya kilo moja hivi. Kwa kioo cha inchi 26 jumla yake hupita tani 2, kwa upande wa mbele peke yake. Mbele pameimarishwa. Shingo ya nyuma ni nyembamba kama chupa ya dawa, na pigo dogo hapo huimaliza tyubu. Kwa sababu hiyo seti haibebwi kwa kushika chogo, wala hailazwi chali, kwani uzito wote huelekea shingoni na chembe zilizo ndani zinaweza kuangukia mahali panapotoa miali ya picha. Husafirishwa ikiwa wima, kioo kikielekea kwenye kiti au godoro, imefungwa kwa mikanda isiyogusa nyuma. Uzito uko mbele, kwa hiyo wabebaji hukumbatia upande wa kioo. Mizigo mingine haipangwi juu yake, na spika zenye sumaku kubwa hukaa mbali, maana sumaku huharibu mpangilio wa rangi.

Swali walilouliza wanafunzi ni itaonyesha nini. Uganda ilianza kuzima mitambo ya analojia mwaka 2015, na UTV yenyewe iliunganishwa na Redio Uganda kuwa UBC mwaka 2005, mwaka ule ule Kiswahili kilipotambuliwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Antena ya seti yetu haina tena cha kupokea. Tunayo hata hivyo deki ya zamani ya kanda za video, inayotoa mawimbi kupitia tundu la antena, pamoja na kanda za tamthilia zilizochezwa na wanafunzi wa idara hii. Kanda hizo nazo zinaoza.

Seti itahamishwa Jumamosi ya kwanza ya likizo, kwa gari la chuo, kwa mwendo wa pole na kwa kuzunguka barabara yenye matuta. Kabla ya hapo wanafunzi wawili wa mwaka wa pili watapiga picha ya kila waya na kunakili maandishi yote ya kibandiko, herufi kwa herufi, pamoja na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu na mafundi waliotangulia. Mojawapo ya maandishi hayo ni ya Kiswahili: "usiguse hapa".