Upasuaji wa mwaka 1941 bado una kazi Goma

Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Chicago, daktari mpasuaji Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walitangaza jambo lililobadilisha tiba ya saratani ya tezi dume. Wanaume ambao ugonjwa ulikuwa umeshawaingia mifupani walitolewa korodani, na wengi wao wakapata nafuu: maumivu yalipungua, hamu ya chakula ikarudi. Huggins alikuwa ameanza kwa kuchunguza mbwa, kwa sababu mbwa dume naye akizeeka huugua tezi hiyo. Alichokithibitisha ni kwamba saratani hii huishi kwa testosteroni, na testosteroni nyingi hutoka kwenye korodani. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Wasioutaka upasuaji walipewa dietilstilbestroli, kidonge cha homoni ya kike kilichobuniwa Uingereza mwaka 1938. Kilishusha testosteroni vizuri, lakini majaribio makubwa ya Marekani katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba kwa dozi kubwa kiliua watu kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Njia nyingine ilifunguka mwaka 1971, Andrew Schally na wenzake walipotambua muundo wa homoni ya ubongo inayoamuru korodani zifanye kazi. Kutokana na ugunduzi huo zikaja leuprorelini na goserelini.

Goserelini ni punje ndogo kama ya mchele, inayosukumwa kwa sindano nene chini ya ngozi ya tumbo. Yenye miligramu 3.6 hudumu siku 28, yenye 10.8 hudumu wiki 12. Mwanzoni hupandisha testosteroni kwa wiki moja au mbili kabla ya kuishusha. Kwa mzee ambaye saratani imeshamfika uti wa mgongo, wiki hizo ni za hatari, anaweza hata kupooza miguu. Ndiyo maana huanzishiwa kwanza vidonge kama bikalutamidi. Upasuaji hauna kipindi hicho. Testosteroni huanguka ndani ya saa chache.

Hapo ndipo ninapowafikiria wazee wa Majengo, katika komini ya Karisimbi mjini Goma. Mwanamume akiambiwa atolewe korodani, anachosikia ni kuhasiwa, na wapo wanaoona afadhali kufa. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Lakini ni haki yao kuelezwa waziwazi kwamba sindano nayo huondoa hamu ya tendo la ndoa, huleta joto la ghafla mwilini na kudhoofisha mifupa, kama upasuaji. Tofauti kubwa ni kwamba sindano ikiachwa, testosteroni hurudi, na saratani huamka nayo. Na Goma sindano inaweza kukosekana bila mgonjwa kuwa na kosa lolote. Mji ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki nazo zikafunga milango. Familia iliyokuwa na sindano ya kulipia mwezi huo ingeipata wapi, na kwa pesa gani? Upasuaji hufanywa mara moja tu, na hausubiri ndege. Kwangu mimi, hiyo ni sababu ya kuuweka wa kwanza mezani, si wa mwisho.

Baada ya muda saratani hujifunza kuishi na testosteroni kidogo inayotoka kwenye tezi za juu ya figo na ndani ya uvimbe wenyewe. Abirateroni, iliyobuniwa London na kuidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzuia utengenezaji huo. Enzalutamidi, ya mwaka 2012, huziba mlango ambao homoni hupitia kuamuru seli. Zote huongezewa juu ya upasuaji au sindano, na zote hurefusha maisha. Abirateroni hutaka prednisoni, na hupandisha presha na kushusha potasiamu. Enzalutamidi haihitaji prednisoni, ila huchosha sana na mara chache huleta degedege. Presha hupimwa hata kwenye kituo kidogo cha afya. Potasiamu huhitaji maabara, na daktari lazima alifikirie hilo kabla ya kuandika dawa.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza abirateroni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na zipo za kampuni nyingi sasa, zenye bei nafuu kuliko zamani. Mwaka mmoja kabla yake, Chuo Kikuu cha Chicago kilihusika tena: wagonjwa 72 waligawanywa, nusu wakameza vidonge vinne kwa siku tumboni pakiwa patupu kama kawaida, nusu kidonge kimoja pamoja na kifungua kinywa kisicho na mafuta mengi, kwa kuwa chakula huisaidia dawa kuingia mwilini. PSA, kipimo cha damu kinachofuatilia saratani hii, ilishuka kwa wote kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hesabu hiyo, pakiti ya mwezi mmoja ingeweza kumfikisha mgonjwa mwezi wa nne. Uamuzi ni wa daktari, si wa mgonjwa peke yake nyumbani, kwa kuwa jaribio hilo dogo lilipima PSA, halikupima miaka ya kuishi.