Utambulisho na Nchi Isiyofungamana na Dini: Funzo la Istilahi kutoka Ngara na Biharamulo

Istilahi haizaliwi mezani pa wasanifu peke yake. Aghalabu huzaliwa pale watu wanapolazimika kulitaja jambo ambalo wazee wao hawakuwa na haja ya kulitaja. Katika makala haya tunakusudia kuzitazama dhana mbili ambazo wanafalsafa wa zama zetu wameziandikia sana: utambulisho wa mtu wa kisasa, na jamii ambayo dola yake haifuati dini. Tutazipima kwa historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa sababu huko maneno haya yamegusa maisha ya watu kwa namna iliyo dhahiri.

Katika Bugufi na Bushubi, nchi ambazo leo zimo katika Wilaya ya Ngara, hapo kale mtu alijulikana kwa ukoo wake na kwa mwami aliyemtii. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka baina ya Waingereza na Wabelgiji ulipitishwa hivi kwamba Bugufi, iliyokuwa ikimtazama mwami wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Lugha ya watu, koo zao na mashamba yao havikubadilika; kilichobadilika ni jina la dola iliyowadai kodi. Ndipo swali la "sisi ni nani?" lilipopata sura mpya.

Neno tulilolitumia kulijibu swali hilo ni raia. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuchunga: raia ni kundi lenye mchungaji, yaani watu walio chini ya mtawala. Uchifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, neno hilo halikubadili umbo, bali maana yake iligeuka: aliyechungwa akawa ndiye mwenye nchi. Neno taifa nalo lina historia kama hiyo. Katika Kiarabu liliweza kutaja kikundi tu, hata kikundi cha madhehebu. Kiswahili kikalipanua hadi likawakusanya watu wa makabila na dini zote. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini iliyowauliza watu kabila na dini zao.

Hapo ndipo tunapokutana na neno utambulisho. Mwanafalsafa wa Kanada, Charles Taylor, katika insha yake ya 1992 juu ya siasa za kutambuana, alieleza kwamba nafsi ya mtu hujengeka kwa kutambuliwa na wenzake, na kwamba kunyimwa kutambuliwa, au kutambuliwa kwa sura ya uongo, ni madhara ya kweli. Kiswahili kinaibeba hoja hii ndani ya shina la neno lenyewe: tambua, tambuana, tambulisha, utambulisho. Hakuna awezaye kujitambulisha pasipo na mwingine wa kumtambua.

Hata hivyo, shina hilo hilo limezaa kitambulisho, na hatuna budi kuyatenganisha maneno haya mawili. Nchini Rwanda, tangu miaka ya 1930, vitambulisho viliandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994 maandishi hayo yaliwapambanua watu wa kuuawa vizuizini. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wote wakapewa jina moja, wakimbizi. Jina hilo liliwastahilia hifadhi, lakini halikusema lolote juu ya walivyokuwa kabla ya kuvuka. Kadhalika Mhangaza, ambaye lugha yake inakaribiana mno na Kirundi, aweza kutiliwa shaka ya uraia kwa matamshi yake tu. Kitambulisho ni ushahidi. Utambulisho ni jambo linaloshuhudiwa. Tukiyachanganya, tutakuwa tumeikabidhi karatasi mamlaka ya kusema mtu ni nani.

Dhana ya pili ni ngumu zaidi. Imezoeleka kusemwa kwamba nchi yetu "haina dini". Usemi huu waweza kuchukuliwa kwa maana tatu, ambazo Taylor alizipambanua katika kitabu chake A Secular Age cha 2007: kwamba mambo ya umma hayaendeshwi kwa amri ya dini, kwamba watu wameacha kuamini na kuabudu, na kwamba imani imekuwa chaguo moja miongoni mwa mengi. Katiba ya 1977, ibara ya 19, inaifanya dini kuwa hiari ya mtu na kuuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hiyo ni maana ya kwanza, na inaifungulia mlango ya tatu. Ya pili haimo kabisa.

Ngara na Biharamulo zinathibitisha hayo. Kwa miaka mingi hospitali teule ya wilaya huko Ngara ilikuwa ile ya Murgwanza, ya Kanisa la Anglikana, na huko Biharamulo ilikuwa hospitali ya Jimbo Katoliki la Rulenge. Mgonjwa wa dini yoyote, au asiye na dini, alitibiwa humo kama raia. Dola haikuwa na dini, lakini haikuikimbia dini.

Kwa hiyo tunapendekeza dola ya namna hii iitwe isiyofungamana na dini. Neno kutofungamana tunalo tayari katika siasa za mataifa, na halikupata kumaanisha uadui kwa upande wowote. "Isiyo na dini" liachiwe mtu asiyeamini, na "ya kilimwengu" lisitumike, kwa kuwa malimwengu masikioni mwa wengi ni anasa na hila za dunia. Mwananchi anayesikia kwamba serikali yake "haina dini" asidhani kwamba inamtaka naye aiache yake.